Mji Uliomfuata Mwashi

Mwashi alifika ofisi ya uhamiaji mapema, akaketi karibu na dirisha, na kwa mazoea akatoa timazi mfukoni akaipima kona ya ukuta. Ilikuwa imenyooka. Hakushangaa, kwani ukuta ule aliujenga mwenyewe. Benchi ndilo lililomuumiza mgongo, nalo lilitengenezwa na mtu mwingine.

Alivuka mpaka akiwa kijana, enzi zile watu wa upande wa pili ndio waliokuja huku kutafuta riziki. Alijenga ofisi, shule, zahanati na sehemu kubwa ya nyumba za mji. Alikuwa na utaratibu wake: kila alipomaliza nyumba, kabla wenyewe hawajahamia, alilala humo kwanza, kwenye sakafu tupu, ili kuta zizoee pumzi ya mtu. Walimtania kwamba anatafuta malazi ya bure. Lakini hakuna nyumba yake hata moja iliyopata ufa.

Siku hizi mambo yamegeuka. Huko alikotoka ndiko kwenye ujenzi, na vijana wa huku ndio wanaovuka na mabegi mgongoni. Binti yake ni mmoja wao; alishikishwa mwiko na baba yake, sasa anajenga maghorofa kule. Afisa, kijana aliyezaliwa katika nyumba iliyojengwa na mwashi, alieleza haya yote bila kuinua macho. Kule wanawabana watu wetu, alisema, na sisi tumeagizwa tuwabane wa kwao.

"Kwa hiyo kibali hatukiongezi, mzee. Inabidi urudi kwenu."

"Kwetu ni hapa. Mke wangu nimemzika hapa."

"Naelewa, mzee. Lakini ndiyo hivyo."

Ilimuuma sana. Hata hivyo hakuwa mtu wa kubembeleza. Akabeba mfuko wake wa vifaa, akatoka, akashika barabara ya mpakani. Ofisi ikainuka kwenye msingi wake, ikamfuata.

Ikaja shule, watoto wakiendelea na hesabu. Zahanati ilitembea polepole kwa ajili ya wagonjwa. Nyumba zikapanga mstari nyuma yao, sufuria zikiwa jikoni. Mama mmoja alichungulia dirishani, akamuuliza jirani aliyekuwa akipita na nyumba yake kama watarudi kabla maharage hayajaiva. Jirani akasema hajui. Waliolalamika walilalamikia vumbi tu. Waliobaki mjini ni wale waliojengewa na mafundi wengine, nao walifunga madirisha kwa aibu.

Mwashi aligeuka mara moja, kuangalia kona. Zote zilikuwa zimenyooka. Akaendelea kutembea kifua mbele.

Mpakani alimkuta binti yake kwenye foleni ya wanaovuka kwenda kazini.

"Baba, umekuja na mji."

"Sikuuita, mwanangu."

Binti aliziangalia nyumba moja moja, jinsi fundi anavyoangalia kazi ya fundi. "Ile shule si ndiyo uliyoijenga umenibeba mgongoni?"

"Ndiyo hiyo."

Mwashi akashika kizuizi cha barabara. Hapo afisa, aliyekuwa bado mezani kwake, akaona kwamba mzee akivuka, ofisi nayo inavuka, na yeye atakuwa mgeni asiye na kibali. Akatoa kichwa dirishani.

"Subiri, mzee. Nakuongezea mwezi mmoja."

"Na mwezi ukiisha?"

"Utakuja kuomba tena."

Muhuri ukagongwa palepale dirishani. Mwashi akarudi na mji nyuma yake, kila nyumba ikakaa kwenye kiwanja chake. Maharage yalikuwa yameungua kidogo.

Tangu hapo kila mwisho wa mwezi huambiwa arudi kwao, hubeba mfuko wake, mji huinuka, naye huongezewa mwezi. Watu wameshazoea, siku hiyo hufungia vyombo kabatini mapema. Ila hakuna ofisi iliyokubali kumwandika kuwa mtu wa hapa.

Juzi binti alikuja likizo. Alisimulia kwamba kule, nchi aliyozaliwa baba yake, naye aliambiwa arudi kwao. Alipobeba mwiko wake, ghorofa alilojenga likainuka, likamfuata hadi kituo cha basi. Kwa hiyo naye wamemwongezea mwezi.

"Ulilala humo kwanza?" mwashi aliuliza.

"Nililala."

"Na lilitembea limenyooka?"

"Limenyooka, baba. Hata kioo kimoja hakikupasuka."

Mwashi akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akakijaza kikombe mpaka juu. Mwisho wa mwezi ulikuwa keshokutwa.