Ubao wa Historia

Asubuhi ya Idd, Muhsin wa ofisi ya habari ya chuo alikuwa akiubandua plastiki ubao mpya wa historia ya uwanja wa mpira, huko mtaani Kenton, marehemu baba yake alipofika getini na timu yake. Walivaa kanzu, viatu vya mpira mikononi. Walikuja kucheza mechi ya Idd, makapera na waliooa, kama walivyozoea enzi za uhai wao.

“Boss, hawa wazee hawana booking,” alisema Elkana, mlinzi. “Niwafungulie?”

“Wafungulie.”

Elkana akawaomba tu wakung'ute udongo wa kaburini, maana nyasi za bandia hazitaki uchafu.

Zamani kiwanja kile kilikuwa jaa la chupa. Wazee hao ndio waliookota vigae wakitoka zamu kiwandani, wakasimamisha magoli ya mabomba. Chuo kilikuja baadaye na uzio wake. Lakini mkuu wa Muhsin alitaka historia ianzie kwenye uzio, na Muhsin, aliyekuwa akikitolea macho cheo cha naibu, alifuta ya nyuma yote bila kubisha.

Makapera walishinda. Baba yake, Mzee Abdulwakil, akaja akihema, akausogelea ubao.

“Hebu nisomee, mwanangu. Miwani mlinivua siku mliponikosha.”

Ni kweli. Muhsin ndiye aliyemvua, na miwani iko kabatini kwake hadi leo.

Akakohoa. Akasoma kwa Kiswahili, kidole kikifuata mistari ya Kiingereza: “Uwanja huu ulisafishwa na Abdulwakil, na Sultan, na Muhiddin...”

“Na Fundi Jabu yumo?”

“Yumo, baba.”

“Wapi?”

Muhsin akagusa jina la kampuni iliyojenga uzio. Mzee akalipapasa.

“Njooni msikie!” akawaita wenzake. “Mwanangu ndiye aliyeandika. Mwanangu huyu!”

Wakamzunguka, wakampa mkono mmoja mmoja. Mikono yao ilikuwa baridi, naye uso ulimwaka kwa haya, akatamani ardhi impasukie. Elkana, aliyekuwa anakijua Kiingereza cha ubao ule vizuri, akageukia barabarani.

Kesho yake uwanja ulizinduliwa, na Muhsin akapigwa picha kando ya ubao.

Idd iliyofuata walirudi. Safari hii hawakuleta viatu, walikuja kusomewa tu. Muhsin, naibu mkuu sasa, akavua koti, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

“Anzia pale penye majina,” baba yake akasema.