Mita Sitini Zilizoliwa

Mimi nikimwona Sekunde anaelekea kwenye cherehani yangu, nasogeza vitambaa vyangu mbali naye. Kwanza ile filimbi yake. Anaitafuna mchana kutwa mpaka inadondosha mate, kisha anaipangusa kwenye fulana na kumpa mwenzake apulize. Kinyaa kitupu! Lakini nilimvumilia, maana binti wa dada yangu alikuwa mikononi mwake.

Binti huyo nimemlea mimi. Tangu mdogo alitaka kazi moja tu, zimamoto, na zimamoto hawamchukui mtu mpaka akimbie kilomita kumi chini ya dakika hamsini. Wala hawamtaki aliyetimiza miaka ishirini na mitano. Yeye alikuwa anaitimiza mwezi mmoja baada ya majaribio, kwa hiyo ilikuwa mara hiyo hiyo, basi.

Sekunde ni mwalimu wa michezo, na ana klabu yake ya wakimbiaji, binti naye akiwemo. Kila alfajiri wanazunguka ghala la nafaka, na kila mzunguko wanauita kilomita moja. Siku moja alikuja dukani na binti, akachukua chaki yangu bila hata kuomba, akaandika kwenye karatasi yangu ya kukatia.

"Hamsini gawanya kwa kumi, tano. Maana yake kila kilomita isizidi dakika tano," alisema. "Huyu anazunguka kwa dakika nne na sekunde hamsini na mbili. Mara kumi, arobaini na nane na sekunde arobaini. Ana dakika nzima na ushee ya kuchezea. Fundi, kazi imekwisha hiyo!"

Binti akanikumbatia hadi pini za kifuani kwangu zikamchoma. Tulicheka, jamani. Nilifurahi kama mjinga.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, nilikwenda kumhesabia mizunguko. Nilikaa kwenye kona ya nyuma ya ghala, na hapo nikaona uzio wa mabati ambao bado ulikuwa unang'aa kwa upya. Njia ya zamani, ile iliyochimbwa na miguu, ilipita chini ya mabati na kupotelea ndani. Wakimbiaji wote walikuwa wanakata kona kabla ya kufika hapo. Miaka ishirini nakata vitambaa; pande mbili zisipolingana naziona hata nikiwa na homa.

Nikapima kamba ya mita hamsini kwa futi yangu ya kushonea. Kesho yake mchana nikaizungusha ghala zima, nainama nainuka, mlinzi wa getini ananicheka mpaka anashika mbavu. Kamba ilikwenda mara kumi na nane, kisha zikabaki mita arobaini. Mia tisa na arobaini. Nikarudia. Jibu lile lile.

Nikapiga hesabu juu ya ile ile karatasi ya Sekunde. Nne na hamsini na mbili kwa mita mia tisa na arobaini, hiyo ni dakika tano na sekunde kumi na moja kwa kilomita ya kweli. Mara kumi, inapita hamsini na moja na nusu. Mtoto alikuwa amefeli, naye anaimba jikoni.

Sekunde alipokuja kuchukua suruali yake nilimrukia hapo hapo mlangoni.

"Mwalimu, kilomita yako ina mita ngapi?"

Hakushtuka hata kidogo. Alitoa filimbi mdomoni. "Tangu waweke mabati, kama mia tisa na kitu hivi. Watu walianza kupata muda mzuri, wakafurahi. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia ukweli! Huoni aibu? Mtoto wa watu ana nafasi moja!"

"Fundi, punguza sauti. Kiuno changu umeandika ngapi?"

Nikalifunika daftari langu la vipimo.

"Unanisomea thelathini na nne," alisema. "Suruali unanikatia ya thelathini na nane. Na yule mama wa duka la dawa unamfanyia hivyo hivyo. Nimewahi kulalamika?"

Nilimtupia suruali yake, nikasonya mpaka taya likauma. Kiuno hakimnyimi mtu kazi! Ndivyo nilivyojiambia, na nilikuwa nimechukia kweli kweli.

Jioni nikamwambia binti kila kitu. Aliitazama ile karatasi. Kisha akavuta chaki.

"Mamdogo, kesho njoo na kamba. Unichoree kilomita ya kweli barabarani."

Akapanga upya. Kilomita tatu za kwanza, tano na sekunde tano. Nne za katikati, tano kamili. Tatu za mwisho, nne na hamsini na nne. Jumla arobaini na tisa na hamsini na saba. Sekunde tatu tu za kupumulia. Wiki tatu alikimbia alama zangu za chaki, anarudi ametapika, anakunywa maji, anatoka tena.

Siku ya majaribio nilisimama kwenye mstari wa mwisho, karibu na karani wa zimamoto mwenye saa na daftari. Wengine walishaingia, wametawanyika kutafuta maji. Nilimwona binti anakuja, shingo imelala upande, miguu mizito. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Akavuka, akaanguka kwa magoti.

Karani akatazama saa. "Hamsini na sekunde saba."

Sekunde saba! Nikamshika karani mkono. Sijui nani alikuwa anasema kwa mdomo wangu. "Baba, mtazame mtoto alivyo. Andika arobaini na tisa na hamsini na tisa. Tuko sisi watatu tu hapa. Nani atajua? Utampunguzia nini mtu?"

Karani alisita. Kweli alisita, kalamu ilikuwa hewani, na macho yake yalikuwa yameanza kulainika.

Binti akainua uso. Jasho na mate vilikuwa vinamtiririka kidevuni. Alinitazama mimi, wala si karani, na ule mtazamo niliutambua, kwa sababu ndivyo mimi ninavyomtazama Sekunde anapopangusa filimbi yake.

"Andika saba," akasema.

Karani akaandika. Nikainama nimsaidie kusimama, akausogeza mkono wangu taratibu, akasimama mwenyewe.