Kofia ya Ludmila

Basi lilikuwa halijatoka hata nje ya mji wa Telč, na tayari abiria wote walikuwa wameshavaa ndara zao za nyumbani na kufungua vifurushi vya nyama ya kukaanga. Ndivyo tusafirivyo sisi Wacheki. Wengine hubeba ramani. Sisi hubeba nyama iliyovikwa chenga za mkate, ya kututosha kwenda na kurudi, kwa kuwa hatuna imani na jiko la mtu yeyote aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka.

Ludmila alikuwa akikaanga tangu jana yake. Alimpa mumewe kipande, akafuta vidole, na hapo ndipo alipokiona kikapu chini ya kiti, kimefunikwa koti.

"Alois, hicho nini?"

"Kikapu."

"Naona ni kikapu, sijapofuka. Kinakwenda kufanya nini Venisi?"

"Kinakwenda kutembea kama wewe, mama. Nacho hakijawahi kutoka."

Bi Hrubešová wa kiti cha nyuma, mjane asiyepitwa na neno, alicheka mpaka akapaliwa na nyama yake. Ludmila hakucheka. Kikapu kile alikijua vizuri kuliko alivyowajua mawifi zake.

Walipooana, Alois alimwahidi fungate Venisi. Ilikuwa ahadi ya maharusi tu, maana zama hizo mpaka ulikuwa umefungwa kwa seng'enge na askari, na wote wawili walilijua hilo. Wakaifanyia fungate msituni, nyuma ya nyumba ya mama mkwe, wakichuma uyoga na kikapu hicho hicho. Mpaka ulipokuja kufunguliwa, kukawa na watoto, halafu paa, halafu magoti ya Alois. Sasa walikuwa wamestaafu, na Ludmila alikuwa na haja moja tu: kuiona Venisi mumewe akiwa kando yake, macho yao yote manne yakitazama kitu kimoja. Si haja kubwa. Lakini aliyeolewa na mchuma uyoga anajua kwamba macho ya mtu huyo hayapandi juu ya vifundo vya miguu.

Vienna walishushwa mbele ya kasri. Radka, binti aliyekuwa akiongoza msafara, aliinua mwavuli wake mwekundu na kuanza habari za wafalme. Ludmila akageuka amwonyeshe mumewe dari la dhahabu. Mume hayupo! Alirudi basi likiwa limeshawashwa, magoti yana tope, uso unang'aa, kikapu kimejaa nusu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, naye aliisifu kama vile yeye ndiye aliyeiagiza.

"Kasri umeliona?" Ludmila aliuliza.

"Nimeliona kwa nyuma. Kubwa."

Ljubljana mambo yalikuwa yale yale, ila pale kuna kilima chenye miti katikati ya mji, na kumwachia Alois kilima chenye miti ni sawa na kumwachia paka bakuli la maziwa. Ludmila akapanda ngomeni peke yake. Akapiga picha ya ukuta. Dereva alipiga honi mpaka wenyeji wakatoka madirishani.

Ungedhani abiria wangemrukia Alois kwa kuwachelewesha. Wapi! Alipokaa na kuanza kukata uyoga vipande, wakamsaidia kuutunga kwenye uzi na kuuanika madirishani, basi zima likanuka msitu. Bi Hrubešová alijongeza shingo.

"Bwana Alois, umeupata wapi hasa?"

"Huko kwenye miti," Alois akajibu.

Hakuna aliyeudhika na jibu hilo. Kwetu mtu atakutajia mshahara wake na hata ugonjwa wake, lakini mahali anapochuma uyoga hakutajii. Wako waliozikwa na siri hiyo huku wana wao wakilia mara mbili.

Walipokaribia Venisi, Ludmila aliamua kusema.

"Nisikilize, baba. Kasri nimeliangalia peke yangu. Ngome nimeiangalia peke yangu. Kama na Venisi nitaiangalia peke yangu, basi mimi sikuhitaji mume. Ungenitosha mwavuli wa Radka."

"Lakini mama, Venisi ni maji matupu. Kuna msitu gani?"

"Ndiyo maana nina matumaini."

Alois alicheka, lakini aliona kwamba mkewe hatanii. Akakisukuma kikapu chini kabisa ya kiti na kushuka mikono mitupu. Ludmila akavaa kofia yake mpya ya majani, yenye utepe wa bluu, akamshika mkono.

Jua lilikuwa zuri. Walivuka madaraja mawili, wakacheka na njiwa, na Ludmila alijisikia kama bibi harusi. Kufika uwanja mkubwa, Radka akainua mwavuli, watu wakasukumana kidogo, mkono ukaponyoka. Ludmila aligeuka kusema, "Tazama!" na akamwambia Mjapani mmoja aliyesimama hapo.

Alimwona Alois baadaye, kwa mbali, kwenye genge la mboga. Alikuwa ameushika uyoga wa muuzaji na kumwonyesha matundu ya funza kwa lugha ya mikono. Muuzaji naye alikuwa akimjibu kwa mikono, na kwa mikono hatuwezi kuwashinda watu wale.

Iliuma. Miaka yote ile ya kungoja, na bado ameshindwa na kitu chenye funza. Ludmila hakumwita. Alishika njia iliyofuata maji na kwenda, akipita vibanda vya barakoa, mpaka watu wakapungua na akafika kwenye bustani ya miti mikubwa mwisho wa mji. Akakaa kwenye nyasi, akavua kofia na kulia kidogo.

Alipokuwa akifuta machozi aliuona. Ulikuwa pale pale, kando ya goti lake, chini ya mti: mnene, kichwa cha kahawia kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi, hauna hata tundu moja la funza. Ludmila naye ni Mcheki. Mkono ulikwenda wenyewe. Kisha akasikia sandali zikiburuzwa kwenye kokoto, sandali zilizovaliwa na soksi, na hakuhitaji kugeuka. Haraka akaufunika uyoga kwa kofia.

"Mama! Nimekutafuta mji mzima! Bahati Bi Hrubešová alikuona ukipita," Alois alisema, akihema. "Umenikimbia."

"Nani kamkimbia nani?"

"Yule mtu alikuwa anauza funza, watu wangekula..."

"Na mimi je, Alois?"

Alois alijifuta jasho usoni.

"Kaa," Ludmila akasema.

Akakaa. Kofia ilikuwa katikati yao, na moyo wa Ludmila ulimwenda mbio kama mwizi.

"Tazama mbele."

"Mwenye macho haambiwi tazama."

"Wewe huambiwa."

Basi akatazama. Mbele kulikuwa na maji yanayometameta, boti zikipishana, na mji wote umekaa juu ya maji na kuba zake na minara yake. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mimi sivijui hivi vitu, mama," akasema polepole. "Uyoga ukiuona, unainama, unakata, unapeleka nyumbani. Sasa hili nilifanye nini?"

"Hulifanyi kitu. Unakaa nalo tu."

"Na wewe?"

"Na mimi, bwege wewe."

Akacheka, akauweka mkono wake juu ya wa mkewe. Wakabishana ni mnara upi umeinama. Alois akakumbusha kwamba siku ya fungate alimwonyesha dimbwi la bata la mama yake na kuapa kuwa ndiyo Venisi. Kengele zikalia. Walikaa hivyo mpaka vivuli vikarefuka, na muda wote huo Alois hakutazama chini hata mara moja. Ludmila alikuwa na furaha iliyomtosha, na aibu kidogo kwa ajili ya kofia.

Hatimaye Alois akainuka, magoti yakalia.

"Radka atatungoja. Chukua kofia yako."

"Nitachukua. Wewe tangulia."

"Ichukue taratibu basi, usije ukauvunja."

Ludmila alimkodolea macho.

"Ulijua?"

"Mama, niliunusa toka kule darajani."

"Na ukakaa hapo muda wote huu?"

"Si uliniambia nikae?"

Ludmila aliinua kofia. Alois aliutazama uyoga ule, na machozi yalimlenga. Pengine tangu azaliwe hakuwahi kuona mzuri hivyo. Kisu kilikuwa mfukoni. Akapiga goti moja kwa shida, akakusanya majani makavu kwa viganja na kuufunika mpaka usionekane. Akaangalia kushoto na kulia.

"Usimwambie mtu," alinong'ona, akimpa mkono waondoke. "Hasa yule Hrubešová. Hapa ni petu."