Hodi ya Damiano

Hivi wewe ungeitikia hodi ya mume ambaye kiwanda kimeshasema ametoroka? Odilia wa Ruhembe aliitikia, jioni, huku anachambua mchicha.

Chini ya bomba la moshi la kiwanda cha sukari kulikuwa na chumba cha chuma chenye mabamba marefu yaliyoning'inia. Umeme uliyafanya mabamba yanase majivu yasitoke na moshi, na nyundo za mashine ziliyagonga ili majivu yadondoke. Mwaka wa sabini na nne nyundo zikakatika. Wakati vipuri vinasubiriwa, Damiano, mume wa Odilia, akawa anaingia mwenyewe na nyundo ya mkono. Kila bamba aligonga mara tatu, kama mtu anayepiga hodi, na wenzake mlangoni walimjibu, "Karibu!" wakicheka. Ndivyo walivyojua yu mzima.

Siku moja majivu yalimporomokea. Hodi ikakatika, na hakuna aliyeingia. Majivu yakazolewa na kumwagwa mashambani kama kawaida. Msimamizi Beda akatangaza kwamba Damiano ametoroka, yuko Mikumi kwa mwanamke. Shuleni binti yao Bibiana akaanza kuitwa mtoto wa mtoro.

Haikupita wiki, nyundo zilizokatika zikagonga zenyewe, tatu tatu, hadi uani kwa Odilia zikasikika.

"Karibu, Baba Bibiana," akasema.

Majivu yakaanguka juu ya paa lake tu. Nguo za jirani, ng'ambo ya ua wa michongoma, hazikupata hata chembe. Yakajikusanya kwenye kigoda, yakawa Damiano, akaomba maji. Alikunywa, magoti yakalowa, akaondoka kabla ugali haujaiva. Ikawa hivyo kila jioni.

Onesphory, balozi wa nyumba kumi, alipita akamkuta. "Damiano, kama miguu inakubeba, kesho shamba la ujamaa lipo. Jembe lako liko palepale."

"Sijamaliza kugonga," Damiano akajibu.

"Haya, ukimaliza."

Odilia alikwenda getini kwa kiwanda mara kadhaa. Alipoulizwa ana shida gani, alisema, "Nimekuja kusalimia tu." Nyumba aliyokaa ilikuwa ya kiwanda, na mke wa mtoro alivumiliwa tu; neno moja, angetolewa.

Mwishowe Beda akaja mwenyewe, akasimama uani hadi majivu yakakaa sawasawa kwenye kigoda.

"Pole na kazi, Damiano. Mabamba hayajawahi kuwa safi hivi. Vipuri tumeviacha kabisa."

"Umemwona?" Odilia akauliza.

"Nimemwona, mama. Lakini taarifa ilishakwenda Morogoro. Mtoro ni mtoro."

Damiano alikuwa anakunywa maji, yanamchuruzika magotini. Odilia akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Shida yangu ni hii," akasema. "Nenda ukawaambie wa getini, ukawaambie na wa shuleni. Mume wangu hakutoroka. Alifia mle ndani, na ninyi mlikuwa mlangoni mnacheka."