Niweke na Mimi

Wifi yangu Rozalia alipenda vitu vya kutisha kama wengine tunavyopenda chumvi. Wenzake wakienda mnadani Kibaoni walirudi na vitenge; yeye alirudi na kitabu kilichochakaa, jalada lina fuvu au mtu anayetokwa damu machoni. Kaka yangu alilalamika mwanzoni, halafu akachoka. Mimi nilimwambia wazi kwamba ipo siku atalogwa na karatasi. Akacheka. Alisema hofu ya kitabuni ni tamu kwa sababu ukikifunga kitabu, inabaki humohumo.

Msimu wa kupukuchua mahindi ndio uliokuwa ufalme wake. Alasiri majirani tulikusanyika uani kwake hapa Usevya, kila mmoja na kigoda chake, tukapukuchua mahindi yake huku yeye akisoma. Hakugusa hata gunzi moja. Nilinung'unika, lakini nilikuja kila siku, maana yule mwanamke alijua kusoma. Alishusha sauti mpaka ukasikia punje zikidondoka kwenye beseni, kisha akapiga ukelele tukayatupa magunzi. Misukule, maiti wanaogonga milango, mwanamke anayekaa kisimani na kuita watoto kwa majina.

Hicho cha kisima ndicho kilichotuponza. Alikinunua hakina kurasa za mwisho. Nadhani zilishafungiwa karanga. Hakutuambia. Aliona uchungu kutuacha njiani, basi alipofika kwenye ukurasa wa mwisho akaendelea kutunga, macho kayakaza karatasini kama anayesoma. Sisi tulikuja kuyajua hayo baadaye.

Siku hiyo Doto alikuwa ameegemea goti la Rozalia. Doto na pacha wake Kulwa walikuwa watoto wa jirani yetu Nyanzala, aliyehamia huku na mumewe na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Kulwa aliziba masikio kwenye hadithi. Doto aliyatega.

"Mama Kelvin, niweke na mimi," akamwambia wifi.

"Nikuweke wapi?"

"Humo. Kwenye hadithi."

Tulicheka wote, na mama yake akatushinda kucheka. Basi Rozalia akamweka. Mwanamke wa kisimani akaanza na watoto wenzake: akamwita Queen, Queen hakuitika. Akamwita Agape, naye hakuitika. Akamwita Doto. Doto akaitika, na ndoo yake ikabaki peke yake. Mtoto alipiga makofi kwa furaha.

Mvua zilipoanza, ukingo wa kisima chetu ukamomonyoka, Doto akatumbukia. Ndoo yake ilikutwa pembeni.

Sitaki kuusimulia msiba ule. Nitasema tu kwamba tulipotoka makaburini watu walikuwa wameacha kumtazama Rozalia usoni, walewale waliokuwa wakimwomba awaongezee sura moja kabla giza halijaingia. Siku ya kuanua tanga, pale uani kwake akaja Enoka, mwenyekiti wetu wa kitongoji, na wanaume nyuma yake, na vijana wenye fimbo. Enoka si mtu mbaya. Alitaka kumsaidia.

"Mama Kelvin, hebu kilete hicho kitabu. Tuoneshe palipoandikwa mtoto kaitika, watu wapoe."

Wifi akakaa chini, kitabu mapajani, akasema hapajaandikwa. Enoka alikichukua, akakigeuza huku na huku, akapapasa pale kilipochanika.

"Sasa ulijuaje?"

"Sikujua. Nilitunga."

"Ukatunga, ikawa."

Nikapandwa na hasira. "Nyie wanaume, tangu kiangazi tunawaambia kile kisima kijengewe ukingo! Si mlisema kesho?" Enoka akamrudishia Rozalia kitabu, akasema neno ni la mama wa marehemu. Nyanzala akisema mtoto kaliwa kichawi, Rozalia na kaka yangu wahame siku hiyohiyo. Nikawatazama wale vijana, nikajua hawatangoja mtu afunge mizigo.

Tukakaa kumngoja. Kilichonivunja moyo si zile fimbo, ni Rozalia mwenyewe, kwa sababu alishaanza kuamini.

"Wifi, mimi ndiye niliyemwitikisha," aliniambia. "Ningeweza kumwacha anyamaze kama wenzake. Ilikuwa rahisi tu."

Nilimwambia aache upuuzi. Nilisema hivyo huku nalia.

Nyanzala akaja peke yake, miguu imejaa tope la kisimani. Alipita katikati ya wanaume bila salamu, akaenda kupiga magoti mbele ya Rozalia. Aliyefiwa kumpigia mtu magoti! Sijawahi kuona.

"Mama Kulwa," Enoka akamwambia, "sema neno moja tu. Huyu ndiye aliyemla mtoto?"

"Niacheni. Sikuja kwa ajili yenu."

Enoka akainamisha kichwa. Vijana walitazamana, kisha wakaondoka mmojammoja, fimbo zinaburuzika. Nikashusha pumzi, nikadhani yamekwisha.

"Mama Kelvin," Nyanzala akasema, "wewe ulimweka. Sasa mtoe."

Rozalia akatikisa kichwa.

"Anzia pale kwenye ndoo. Sema amepanda. Sema anakuja nyumbani."

"Siwezi, mama Kulwa." Sauti yake, iliyokuwa ikitutupisha magunzi, haikutoka vizuri. "Nimesoma hivi vitabu miaka yote. Kwenye hivi vitabu anayerudi huwa si yeye. Anarudi na macho mengine. Anarudi mbaya."

Nyanzala alikichukua kitabu mapajani mwa Rozalia, akakifungua pale kilipochanika, akamwekea tena mikononi.

"Arudi hivyohivyo," akasema. "Mimi nitamfungulia mlango."