Baiskeli Iliyoitwa Fisi

"Wewe Wekoye, utaniangusha huku nyuma kama gunia la viazi," abiria wake Rispah alilalamika, kikapu mapajani, huku akizidi kumkaba kiunoni.

"Shikilia tu, mama. Fisi hajawahi kuangusha mtu mnene."

"Mnene ni huyo alikuzaa."

Wekoye alicheka na kukanyaga pedali. Walikuwa wametoka Kitale asubuhi wakielekea Kamukuywa, na kila kilima walichopanda Rispah alisogea nyuma kwenye keria mpaka makalio yakabaki nusu hewani. Hilo halikuwa kosa lake. Baiskeli ilikuwa imejengwa hivyo: juu mbele, chini nyuma. Vijana wa steji ya boda walipoiona mara ya kwanza, waliipa jina la Fisi kabla Wekoye hajashuka.

Ilikuwa baiskeli ya milimani ya mtumba, magurudumu saizi ishirini na sita. Springi za uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, zilipovunjika, fundi Kipyegon wa Kitale hakuwa na uma wa saizi hiyo. Alikuwa na wa ishirini na nane, uliotolewa kwa baiskeli ndefu. Wakaufunga na gurudumu lile lile dogo. "Itaenda," Kipyegon alisema, na kweli ilienda, ila haikusimama. Raba za breki zilikuwa juu mno, zikaikosa ringi na kubana tairi. Kwenye mteremko wa kwanza tairi lilipasuka, na Wekoye akaacha meno mawili barabarani. Ndipo akaenda kwenye lundo la vyuma kuukuu, akachokora nusu siku, akapata gurudumu la ishirini na nane. Breki ikashika. Nyuma ilibaki ishirini na sita, na Fisi akawalisha watoto watatu wa Wekoye tangu siku hiyo.

Mwaka huo wa 2007 watu wa Cheptais walikuwa wakishuka mlimani na magodoro kichwani, wakikimbia bunduki za vita vya ardhi. Vizuizi vya barabarani viliota kama uyoga. Katika soko dogo kabla ya Kamukuywa palikuwa na kimoja: gogo, kamba, na askari mmoja aliyenenepa kwa kusimama.

"Shuka." Askari aliizunguka baiskeli mara mbili. "Hii mbele ni saizi gani?"

"Ishirini na nane, mkubwa."

"Na nyuma?"

"Ishirini na sita."

"Mtu wa haki hununua magurudumu sawa. Moja umeiba. Risiti iko wapi?"

"Mkubwa, nilitoa kwa vyuma kuukuu. Nani hupewa risiti ya vyuma kuukuu?"

Rungu ndilo lililojibu. La kwanza lilitua kwenye kiwiko, la pili kwenye goti, na Wekoye akapiga magoti bila kuombwa. Buti likampata mdomoni. Alihesabu kwa ulimi meno yaliyosalia.

Watu wakajaa. Siku hizo, mtu akipigwa na askari, hakuna aliyeuliza kafanya nini. Waliuliza tu nafasi ya kupiga iko wapi. Fundi viatu mmoja, Makokha, ambaye kibanda chake kilikuwa hatua kumi kutoka kwenye gogo, alikuja akikimbia na nyundo yake mkononi.

"Hiyo gurudumu ni yangu! Waliiba Jumapili nikiwa kanisani."

"Mwizi," sauti moja ikasema, na nyingine ishirini zikaitikia. Jiwe likampasua Wekoye juu ya jicho. Mtu akamkanyaga mkono mpaka kidole kikalia. Mwingine akaja akibingirisha tairi bovu la gari, na chupa ya mafuta ya taa ikatokea dukani. Tairi kama hilo haliulizi saizi; shingo yoyote huingia. Askari aliwasha sigara akatazama upande wa mlimani.

Ndipo Rispah, kwa unene wake wote, alipomkalia Wekoye mgongoni.

"Chomeni wawili basi," alisema. "Mafuta yenu yatatosha?"

Mikono iliyoshika mawe ilisita. Wekoye, uso ukiwa vumbini na pumzi ikiwa haba, aliona nyuma ya miguu ya watu baiskeli ya Makokha imeegemea kibanda, uma wake wa mbele ukiwa mtupu.

"Leteni baiskeli yake," alisema akitema damu. "Gurudumu langu likiingia kwa uma wake, nitashika kiberiti mwenyewe."

Jambo hilo liliwapendeza watu. Nati zikafunguliwa, na askari mwenyewe akainama kulisukuma gurudumu kwenye uma wa Makokha. Tairi liligonga juu na kukwama. Ekseli ilibaki inaning'inia chini ya matundu yake, pengo la vidole viwili. Akasukuma tena kwa goti. Vidole viwili vile vile.

Hakuna aliyesema pole. Mwenye tairi alilibingirisha kurudi alikolitoa, kama aliyeleta sahani akakuta hakukupikwa.

Wekoye alisimama kwa mguu mmoja, akanyoosha mkono apewe gurudumu lake.

"Ngoja," askari alisema. "Tumejua si ya Makokha. Lakini ya nani, hatujui. Ambayo haijulikani ni ya nani, ni ya serikali. Makokha, niwekee kwako. Ukipata namna ya kuitumia, tumia."

"Mkubwa, lakini si umeona..."

"Unataka turudi mwanzo?"

Wekoye aliangalia rungu, kisha jicho lake lililobaki wazi likamwangalia Rispah, ambaye alitikisa kichwa polepole. Wakafunga kikapu cha Rispah kwenye keria. Wekoye akainua uma mtupu begani, gurudumu la nyuma likabingirika, wakaanza safari kwa miguu, yeye akichechemea.

Nyuma yao nyundo ya Makokha ilianza kupiga chuma. Ilipiga kwa muda mrefu, kisha ikanyamaza.

"Boda!" Makokha aliita. "Hii inataka uma gani?"

"Ya ishirini na nane."

"Inapatikana wapi?"

Wekoye aligeuka na kutabasamu kwa mdomo uliopasuka. Akaugonga kwa kidole uma uliokuwa begani kwake.

"Ni hii," alisema, akaendelea kutembea.