Rafu za Matofali

"Shika hapo, mama. Usiachie," mpimaji alisema, na Bi Kimya akabana ncha ya futi kwa kidole gumba kwenye pembe ya mlango.

Yule mtu alirudi kinyumenyume, utepe wa chuma ukijivuta mbele yake, hadi akafika upande wa pili. Alisoma, akafikiri kidogo, akaomba warudie. Walirudia. Kisha akapima kimo cha mlango, unene wa ukuta, na urefu wa ghala kutoka kizingitini hadi ukuta wa nyuma, akiomba radhi kila alipopita katikati ya madawati. Watoto walinyanyua miguu kuipisha futi, halafu wakaendelea kusoma kwa sauti ya chini kama walivyozoeshwa.

Bi Kimya alikuwa na furaha. Mwanzoni mwa mwezi ofisi ya chama ilimpigia simu kumwambia kwamba mhandisi atakuja kuangalia paa linalovuja. Chama chenyewe kilikuwa cha watu wa kujitolea: walimu wastaafu, wenye maduka, wanafunzi wa vyuo, waliokusanya vitabu, mbao na misumari kule ambako vita havikufika na kuvipeleka vilikofika. Ghala hili zamani lilikuwa la mbegu. Shule ya mji ilipopigwa, chama kililisafisha, kikaleta rafu na madawati, na yeye, mjane aliyekuwa akishona nguo za watu, akapewa funguo. Hakuna aliyemlipa. Watoto walimwita Bi Kimya kwa sababu ya kidole chake, ambacho hakikukaa mbali na midomo.

"Sakafu hii inabeba uzito gani?" mpimaji aliuliza.

"Kwa kilo sijui, mwanangu. Ila zamani magari ya mbegu yalikuwa yanaingia na mzigo wake, na haikupata hata ufa."

"Yanaingia mpaka ndani?"

"Ndani kabisa. Yanageuzia humu humu."

Aligonga sakafu kwa kisigino, mara moja hapa, mara moja pale. Viatu vyake vilikuwa safi, na katika mji ule ambao kila barabara ilikuwa na vumbi la nyumba zilizoanguka, hilo lilitaka juhudi.

"Na watoto wanatoka saa ngapi?"

"Adhuhuri. Zaidi ya hapo bati linatuoka."

"Usiku hakuna anayelala humu?"

"Nani alale na panya?"

Alicheka kwa adabu. Hakuandika chochote. Aliirudisha futi kwenye kopo lake, akashukuru, akasema jengo ni zuri sana na kwamba atarudi wiki hii. Bi Kimya alimsindikiza mpaka barabarani.

Mdogo wake, ambaye mji mzima ulimwita Fundi, alikuwa nyuma ya ghala akiziba tangi la maji. Alikuja akijifuta mikono kwenye suruali.

"Amesemaje kuhusu paa?"

"Hajasema."

"Alipanda ngazi?"

"Hakupanda."

"Aliuliza maji yanaingilia wapi?"

Bi Kimya alifikiri. "Aliuliza sakafu."

"Kwani sakafu inavuja?"

"Usinianze."

"Sijakuanza, dada. Mtu ameitwa aangalie paa, amepima mlango. Ni kama uende kwa daktari na jino, akupime kiatu."

"Huenda wanataka kutuletea kitu kikubwa. Madawati mapya."

"Madawati yanapita hata dirishani."

"Kila mtu ana namna yake ya kufanya kazi," Bi Kimya alisema, na akarudi ndani. Hakupenda kumsema mtu ambaye hajamkosea. Lakini alipokuwa akivirudisha vitabu vya hadithi kwenye rafu alijikuta akitazama juu, kwenye madoa ya maji, akajaribu kukumbuka kama yule mtu aliinua macho hata mara moja.

Kesho yake lori la chama lilifika na maboksi ya vitabu vya hesabu. Dereva wake aliitwa Polepole, kwa sababu hilo ndilo neno ambalo abiria wake walilisema zaidi. Alishusha boksi la kwanza, akaomba maji, akaulizwa kuhusu mhandisi.

"Mhandisi? Nimemwacha kitandani, mguu juu kama bendera. Alianguka kwenye ngazi."

"Basi wamemtuma mwingine," Bi Kimya alisema.

"Mwingine yupi? Tunaye mmoja tu, na huyo mmoja tunamgombania." Alikunywa. Kisha akaishusha bilauri taratibu. "Kwani kuna mtu amekuja?"

"Juzi. Jana, nasema. Alikuja kupima."

"Mpole? Anaomba radhi kila hatua?"

Fundi aliweka mwiko chini. "Viatu safi," alisema.

Polepole alikaa juu ya boksi lake, jambo ambalo Bi Kimya kwa kawaida hakuliruhusu.

"Kule ng'ambo ya daraja alikuja mtu kama huyo. Mwalimu mkuu akamshikia futi yeye mwenyewe. Baada ya hapo yakaja malori yamefunikwa maturubai. Walimu wakaambiwa watoe madawati nje. Kwa heshima tu, hakuna aliyeguswa. Yakashushwa masanduku ya makombora mpaka yakafika darini. Sasa, upande wa pili nao una macho, Bi Kimya. Mlisikia kishindo cha Jumapili ile?"

"Tulidhani radi," Bi Kimya alisema.

"Haikuwa radi."

"Na watoto?"

"Wa shule walikuwa wameshatolewa. Nyumba za jirani hakuna aliyezipima."

Nyuma ya ghala kulikuwa na nyumba za watu, zimesogeleana kiasi kwamba kamba ya nguo ya mmoja ilifungwa kwenye dirisha la mwenzake. Nusu ya watoto wa Bi Kimya walitoka humo.

"Ni wa upande gani, huyo mpimaji?" aliuliza.

"Nani amuulize? Futi haina bendera."

Polepole alishusha maboksi yaliyobaki upesi, akawaahidi kwamba ofisi itaambiwa, akaondoka jua likiwa bado juu. Lori la chama, alisema, halipaswi kuonekana mahali palipopimwa.

Ndugu wawili walibaki wamesimama mlangoni. Ulikuwa mlango mkubwa wa mabati, na ndani yake ukumbi mpana, mwanga ukiingia hadi katikati. Watu wa chama walipouona kwa mara ya kwanza walipiga makofi.

"Tuhame," Bi Kimya alisema.

"Twende wapi? Nionyeshe paa jingine lililosimama."

Bi Kimya alitazama barabara mpaka mwisho wake, akayarudisha macho mlangoni.

"Wanataka vitu vitatu," Fundi alisema. "Mlango mpana, sakafu ngumu, na nafasi. Sakafu siiwezi. Nipe watu na matofali, mlango na nafasi nitavimaliza. Kuta za kukingamana, moja kutoka huku, nyingine kutoka kule, mtu apite kama nyoka. Mlangoni nguzo mbili, katikati apite mtoto na mkoba wake. Hakuna lori litakaloingia humo, wala watu wa kubeba masanduku wawili wawili."

"Pawe giza? Chama kimetupa ukumbi, sisi tuufanye ujia?"

"Ndiyo. Tuuharibu kidogo tubaki nao."

"Na wakijua tumefanya makusudi?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe. Kumnyima mtu wa namna ile kitu alichokipima ni jambo moja. Kumfanya aone kwamba umemnyima ni jingine.

Bi Kimya aliingia ndani. Alipita kando ya rafu za mbao akizigusa, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta kitabu fulani. Aliporudi sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote.

"Mchwa," alisema. "Mchwa wamekula rafu za mbao. Tunajenga za matofali. Kila ukuta uache matundu ya vitabu. Akiuliza mtu yeyote, ni mchwa."

"Dada, kumbe uongo unaujua."

"Toboa mbao mbili tatu, uweke na vumbi chini. Kama ni uongo uwe wa kueleweka."

Matofali yalitoka kwenye shule iliyoanguka. Kuyanunua kusingewezekana, na zaidi ya hayo matofali mapya yangejitangaza. Haya yalikuwa yamekwisha kuungua na kunyeshewa. Wazazi waliambiwa habari ya mchwa, na wengi waliiamini, au waliona busara kuiamini. Walikuja na mkokoteni, na karai, na sepetu. Mwoka mikate wa mtaani alibeba matofali manne manne kifuani na kuangusha moja kila safari.

"Wewe leta mikate yako tujengee," Fundi alimwambia. "Hiyo haivunjiki."

"Na wewe uache kuila bure," mwoka mikate alisema, na akina mama wakacheka, wakasogezeana matofali mkono kwa mkono.

Watoto walisoma nje, kwenye kivuli cha ukuta. Ndani Fundi alinyoosha uzi, akaweka timazi, akapanga. Kwa rafu alitumia udongo, na mifuko michache ya saruji aliyokuwa nayo akaitunza kwa nguzo za mlangoni. Bi Kimya alifuata nyuma yake na kopo la masizi na vumbi, akisugua kila ungio mpaka lionekane la miaka. Kuna wakati alipokea tofali ambalo upande mmoja lilikuwa limepakwa rangi nyeusi ya ubao. Chaki ilikuwa bado ipo, nusu ya jina la mtu. Alilishika kwa muda. Fundi alilichukua mkononi mwake, akalilaza na upande ule ukiangalia chini, akalifunika kwa udongo.

Siku ya kwanza walimaliza rafu mbili, zikafika bega la mtu mzima. Siku ya pili wakaanza ya tatu, na nguzo moja ya mlangoni ikafika juu. Ile nyingine ilikuwa imefika magotini, alasiri, mpimaji alipokuja.

Safari hii hakuwa peke yake. Mwenzake hakusalimu.

"Mnajenga," mpimaji alisema.

"Rafu," Bi Kimya alisema. "Mchwa wametumaliza, mwanangu. Tazama hizi mbao."

Alizitazama. Alichukua kipande kimoja, akakigeuza, akaingiza ukucha katika tundu. "Poleni sana. Na huku mlangoni, ni mchwa pia?"

"Mlangoni ni vumbi, bwana," Fundi alisema, mwiko ukiwa mkononi. "Watoto wanakohoa kutwa. Tunapunguza upepo."

"Mngesema. Ningewaletea pazia."

Wazazi walikuwa wamesimama kila mmoja pale alipokuwa, na matofali mikononi, na mwoka mikate alitazama viatu vyake mwenyewe.

Yule wa pili alivuka nguzo fupi, akaingia. Walimsikia akizunguka kati ya rafu, bega lake likikwaruza tofali. Alikaa huko muda. Alipotoka alikuwa na udongo mbichi kwenye mkono wa shati, akaukung'uta.

"Teke moja," alisema. Ndilo neno lake la kwanza.

"Leo, ndiyo," mpimaji alijibu, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu kichwani. "Ikikauka, na hii ya mlangoni ikifika juu, itakuwa kazi ya siku nzima. Siku nzima sina." Kisha akamgeukia Bi Kimya, mpole kama mwanzo. "Mtamaliza lini, mama?"

Bi Kimya aliliona swali hilo lilivyokaa. Akisema kesho, huenda wasiingoje kesho. Akisema wiki, watakuja katikati ya wiki.

"Kazi ya kujitolea haina tarehe," alisema. "Leo wamekuja hawa uwaonao. Kesho huenda nikabaki na mdogo wangu peke yake. Namwomba kila mtu, simlazimishi yeyote."

"Hivyo ndivyo inavyofaa." Mpimaji aliwatazama wazazi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama alivyokuwa ameutazama ukuta. "Basi nitapita kesho asubuhi nione nani amekuja."

Waliondoka kwa miguu. Kwenye kona ya barabara mpimaji alijitenga kidogo kumpisha mama mwenye ndoo, akamwomba radhi.

Saa ya kuzuiwa kutembea usiku ilikuwa inakaribia, na watu wakaanza kukusanya vitu vyao. Jana yake waliviacha vyote humo ghalani, sepetu juu ya sepetu, kwa kuwa walijua watarudi. Sasa mama mmoja alichukua karai lake, akalisafisha kwa mchanga, akalitia kwapani. Mwingine akamfuata. Mwenye mkokoteni aliugeuza, akaaga kwa kichwa tu. Mwoka mikate alikaa kidogo mlangoni akitaka kusema neno.

"Nina watoto, Bi Kimya."

"Najua. Nawasomesha."

"Sijasema siji."

"Hujasema. Nenda, muda umekwisha."

Akaenda, na sepetu yake begani.

Fundi alibaki amechuchumaa mbele ya nguzo iliyofika magotini. Saruji iliyokorogwa ilikuwa imebaki kidogo, na mwanga nao ulikuwa ukiondoka. Aliweka tofali moja zaidi, akaligonga kwa mpini wa mwiko likakaa sawa, kisha akasimama.

"Nikianza alfajiri, peke yangu, sifiki juu kabla hajaja," alisema. "Nasema ukweli."

"Hutakuwa peke yako."

"Wewe mgongo wako unaujua."

"Naujua. Funga uzi."

Bi Kimya alilowesha magunia mawili kwenye tangi, wakayatandaza pamoja juu ya nguzo ndefu ili saruji isipasuke. Fundi alifunga uzi mpya kutoka nguzo hadi mlango, kwa kimo cha safu itakayofuata, akauvuta ukalia. Bi Kimya aliingia ndani, akapita kati ya rafu kwa ubavu, akaanza kuyasogeza matofali yaliyobaki kuelekea mlangoni, mawili mawili, akiyapanga mahali ambapo mkono wa Fundi utayafikia bila kugeuka. Alipofika safari ya sita mdogo wake alimwambia inatosha, waende, hayo mengine watayapanga alfajiri, aje mtu au asije.